Mgeni wa Chumba cha Baridi

Kaka yangu alifungiwa ndani ya chumba cha baridi na watu waliomwita ng'ambo akawatengenezee vyumba vya baridi. Mpaka leo nikiitamka habari hiyo hivyo, kwa maneno machache, naona kama namsingizia mtu. Nasita katikati. Natazama uso wa ninayemsimulia, nione kama anaamini, kwa sababu mimi mwenyewe niliposikia sikuamini.

Alikuwa fundi wa majokofu. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Chanji, chumba cha mbele katika nyumba ya kupanga, akishirikiana na mshikaji wake wa tangu shule. Walikaa humo katikati ya matumbo ya mafriji yaliyofunguliwa, redio ikiimba, na mlangoni daima palikuwa na mama fulani anayelalamika kwamba jokofu lake linanguruma kama trekta lakini soda hazipoi. Wachuuzi wa samaki walimchukua mpaka Wampembe, huko chini ziwani, akawaokolee mitambo ya barafu, naye akarudi nguo zikinuka migebuka, samaki wa ziwa lile, kiasi kwamba mama alimzuia nje ya mlango. Mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unapopita juu ya mabua ya mahindi na kuingia hadi kwenye mifupa, alikuwa akisema, "Mungu ametupa jokofu la bure, na bado watu wananilipa niwaongezee baridi." Tulicheka. Alijua baridi jinsi watu wengine wanavyojua muziki. Angeweka kiganja kwenye ubavu wa friji, afumbe macho, na kukwambia ugonjwa wake.

Kwa hiyo ajira ilipokuja kutoka nchi moja ya Ghuba, hatukuona ajabu. Tuliona kama dunia hatimaye imemsikia. Wakala mmoja wa Dar es Salaam, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona ana kwa ana, alituma mkataba kwenye simu. Kurasa zenye safu mbili, Kiingereza upande huu na Kiarabu upande ule, na mhuri wa buluu chini. Fundi wa mitambo ya baridi, miaka miwili. Nyumba, bima ya matibabu, likizo na tiketi ya kurudi.

Baba ni mkulima wa Kasense, wa mahindi na ulezi, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Ni mtu wa utaratibu. Alisema jambo ambalo kwa wengine lingeonekana kichekesho, lakini kwetu lilikaa sawasawa kabisa: mkataba usomwe mbele ya jumuiya. "Ndoa inatangazwa Jumapili tatu ili mwenye kujua kizuizi aseme," alisema. "Kwa nini mtu aende kufunga miaka miwili na watu asiowajua, na sisi tusiulizwe?"

Ukasomwa. Tulikuwa nyumbani kwetu, baada ya rozari, watu wamejaa mpaka kibarazani, mshikaji wa kaka akiwemo, na bakuli za togwa zikipita mkono kwa mkono. Nilipewa mimi kuusoma, kwa kuwa ndimi ninayeandika vitabu na kwa hiyo, kwa mawazo ya jumuiya, karatasi zote ni ndugu zangu. Nilitafsiri kipengele kimoja kimoja. Nilipofika kwenye bima, mama mmoja akapiga kigelegele. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho, ambao haukuwa sehemu ya mkataba. Ulikuwa viza yenyewe.

"Hapa pameandikwa matembezi," nilisema.

"Matembezi ndiyo nini?" baba akauliza.

"Kwamba anakwenda kutembea. Si kufanya kazi."

Kaka alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Wakala ameshanieleza, mdogo wangu. Nikifika wanaibadilisha. Ndiyo utaratibu wao."

"Na wasipoibadilisha?"

"Jamani, huyu mwandishi!" alisema yule mama wa kigelegele. "Anataka kila kitu kiwe na mwisho hata hakijaanza!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anafikiri, na ninamkumbuka vizuri alivyosimama, kofia mkononi, akizungumza polepole kama anavyofanya anapotaka neno lake lisimame baada yake. Alisema haoni tatizo. Alisema hapa kwetu hakuna mtu aliyewahi kuja akapewa shamba siku ile ile. Mtu huja kama mgeni. Analala, anakula, anaonwa tabia yake. Akionekana ni mtu wa kukaa na watu, ndipo anapelekwa kwa viongozi wa kijiji, ndipo anaandikwa, ndipo anapewa ardhi. "Hata huko kwa Waarabu ni watu," alisema. "Wanataka kumwona kwanza."

Hapo jirani yetu akainuka. Ni Msukuma, mzee mrefu, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini nilipokuwa bado sijaanza shule, na baba ndiye aliyempa mahali pa kuweka zizi la muda chini ya shamba letu. Si Mkatoliki, lakini kwenye togwa yetu hakosekani.

"Ushahidi ni mimi hapa," alisema, akijipiga kifuani. "Nilimwambia huyu mzee nimekuja kutembea tu. Basi nimetembea mpaka nimepata wajukuu!"

Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Na baada ya kicheko kile, nani angerudi kuuliza? Viza ya matembezi ilionekana kwetu ni viza yenye adabu. Ilipiga hodi kabla ya kuingia. Baba akauliza kama kuna mwenye kujua kizuizi chochote. Akangoja kama padri anavyongoja. Hakuna aliyesema neno.

Tulimsindikiza stendi kwenye giza la asubuhi, mama akimfunga vifungo vya koti kana kwamba anakwenda darasa la kwanza. Alimwambia asisahau kusali na asikubali kulala na njaa. Kaka akamwambia, "Mama, mimi naenda kulala kwenye nyumba yenye kiyoyozi, njaa itanipatia wapi?" Basi likaondoka na vumbi lake.

Mwanzoni ujumbe wake ulikuwa mfupi na wa furaha. Picha ya kitanda. Picha ya barabara pana isiyo na mtu anayetembea kwa miguu. Halafu ukaanza kupungua, na maneno yake yakawa ya mtu anayeandika huku anatazama nyuma. Kidogo kidogo nikapata habari. Siku aliyofika walimpeleka ofisini moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, usingizi umemjaa machoni, wakamwekea mezani karatasi nyingine. Hii haikuwa na safu mbili. Ilikuwa Kiarabu peke yake. Alipouliza, wakasema ndiyo nakala ya serikali, ni ile ile. Alitia saini. Wakamwomba pasipoti kwa ajili ya kumwandikisha, na pasipoti ikaingia kwenye droo ya msimamizi, na droo ikafungwa. Kesho yake alipewa glavu na kuambiwa ashushe maboksi ya kuku waliogandishwa kutoka kwenye lori. Akasema yeye ni fundi. Wakamwonyesha ile karatasi ya Kiarabu. Akamtafuta mtu wa kumsomea: ilisema mpakuzi wa mizigo. Mshahara nao haukufanana na ule niliousoma kwa sauti mbele ya watu waliopiga vigelegele.

"Usimwambie baba," aliniandikia. "Wakibadilisha viza mambo yatakaa sawa."

Sikumwambia. Tuliendelea kungoja viza ibadilishwe, yeye kule na mimi huku, kama tunangoja mvua.

Kisha akapiga simu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, tumekaa kula. Simu ilikuwa yangu, lakini aliomba niiweke sauti kubwa ili baba na mama wasikie. Jirani yetu naye alikuwepo. Kaka alianza kuzungumza Kifipa. Alipokuwa nyumbani alipenda Kiswahili cha mjini, tukimtania kwamba amesahau lugha ya bibi, na sasa Kifipa kilikuwa kikimtoka chote, cha utotoni, bila hata neno moja la kuazima. Nikaelewa kwamba chumbani mwake kuna watu wanaojua Kiswahili, na kwamba hataki wasikie anavyoogopa.

Alisema wakaguzi wa serikali ya kule huja ghalani bila taarifa, kutafuta watu wanaofanya kazi bila kibali. Wenye viza ya matembezi walikuwa kundi zima, si yeye peke yake. Msimamizi alikuwa na mtu wa kumtonya. Simu ya huyo mtu ikilia, wenye viza ya matembezi wote wanaswagwa ndani ya chumba kikubwa cha kugandishia, mlango unafungwa, na wanakaa humo katikati ya maboksi mpaka wakaguzi waondoke.

Mama alikuwa ameshika tonge, na tonge likabaki pale pale mkononi.

"Mnavaa nini humo?" baba akauliza.

"Nguo hizi za kazi, baba."

"Mlango unafungwa kutoka nje?"

Kaka akavuta pumzi. Kisha akaeleza kwa sauti ile ile ya karakana, sauti ya kumweleza mteja ugonjwa wa friji lake, na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko kama angelia. Alisema kila mlango wa namna ile una kishikio cha ndani, cha kusukuma, ili mtu asinaswe. Cha pale kilikuwa kimevunjika. Alikigundua siku ya kwanza walipoingizwa. Aliposema kwamba angeweza kukitengeneza, kwamba alihitaji springi tu na muda kidogo, msimamizi alimjibu kwamba hapa yeye si fundi. Mara ya mwisho wakaguzi walikawia. Kijana mmoja aliyekuwa karibu naye aliacha kutetemeka. "Baba," alisema kaka, "mtu akiacha kutetemeka kwenye baridi ile, si kwamba amezoea." Walimsugua, wakampiga makofi, wakamkumbatia kati yao wote mpaka mlango ukafunguliwa.

"Mlango unafungwa kutoka nje?" baba akauliza tena, kana kwamba hakujibiwa.

"Ndiyo, baba."

"Sasa unasemaje?"

"Wakija tena, sitaki kuingia. Nitabaki nje wanikamate. Lakini wakinikamata watanirudisha, na nitafungiwa kuingia nchi hii tena. Nitarudi mikono mitupu, na jumuiya nzima ilinichangia nauli. Ndiyo maana nimepiga. Naomba ruhusa yako."

Nilimtazama baba. Nilikuwa na uhakika wa jibu lake kama nilivyo na uhakika wa jina langu. Baba alitazama meza. Akasema, "Vumilia kidogo, mwanangu. Mtu akishapokewa, hafukuzwi bure. Huenda mwezi huu ndio wanaibadilisha."

Nilisikia kama ardhi imeshuka. Hata jirani aligeuza kichwa ghafla. Mzee huyu wa haki, aliyetaka hata mkataba utangazwe kama ndoa, alikuwa amekaa mbele ya sahani ya maharage akimwambia mwanawe arudi kwenye barafu. Sasa najua hakuwa na ukatili ndani yake. Alikuwa amemsimamisha mwenyeji mwema kichwani mwake, na alishindwa kumwangusha.

Jirani ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini, bila mzaha wake wowote. "Mzee mwenzangu. Mimi ulipokuwa unaniangalia tabia, fimbo yangu ilikuwa mkononi mwangu. Ungenikataa, ningeswaga ng'ombe wangu niende. Huyu pasipoti yake iko kwenye droo."

Hapo mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Aliweka tonge chini, akainyakua simu mbele ya baba, na kwa mikono yake yenye ugali akaishika karibu na mdomo kama mtu anayekunywa.

"Usiingie humo tena," alisema. "Umenisikia? Mimi ndiye niliyekuzaa, ruhusa ni yangu. Usiingie. Uje hata bila viatu."

Baada ya hapo siku zikapita bila habari. Simu yake haikupatikana. Mama alikuwa akienda shambani na kurudi njiani bila kulima. Baba aliongoza jumuiya kama kawaida, lakini mahali pa nia za maombi alipitiliza, akawaacha wengine waombe. Mimi nilishindwa kuandika hata sentensi moja. Kila nilipofungua friji yetu ndogo kutoa maziwa, baridi iliyonipiga mikononi ilinifanya niufunge mlango haraka, na kisha kuufungua tena, kuhakikisha tu kwamba unafunguka.

Alipopiga hatimaye, alikuwa kituoni wanakoshikiliwa watu wa kurudishwa kwao, akitumia simu ya mwenzake. Wakaguzi walikuwa wamekuja. Wenzake wakaswagwa ndani, yeye akashika nguzo ya rafu na kugoma. Msimamizi alimvuta, akamtukana, wakati ukamwishia, akafunga mlango na kumwacha. Wakaguzi walipofika walimkuta mtu mmoja amesimama peke yake katikati ya ghala, akionyesha kidole mlango wa chumba cha kugandishia. Hakuwa na Kiarabu cha kutosha. Alisema kwa Kiingereza kwamba ndani kuna watu. Msimamizi akasema ni mwongo. Mkaguzi akasogea, akaweka kiganja kwenye mlango, na wa ndani walikuwa wanagonga.

Walifunguliwa wote. Wote wakashikwa. Mkaguzi mmoja aliwapa koti lake wapokezane, na mwingine akamlazimisha msimamizi kufungua droo, na pasipoti zikatoka. Halafu wakaandikiwa kurudishwa makwao na kuzuiwa kuingia tena, kwa kosa la kufanya kazi na viza ya matembezi. Yeye, si aliyemfungia. Niliposikia hilo nilimwomba alirudie, na alilirudia, na sikuelewa zaidi.

Alirudi akiwa mwembamba, na begi lake lina nguo zile zile. Watu walikuja kumpa pole kwa aibu kidogo, kama wanaokwenda msibani wasipojua aliyekufa ni nani. Yeye alikuwa akikaa kibarazani Kasense juani, na koti la baba mabegani, adhuhuri.

Ndivyo alivyokuwa amekaa siku mshikaji wake wa karakana alipofika kutoka Chanji kwa bodaboda. Alitusalimu vizuri, shikamoo kwa baba, shikamoo kwa mama, kisha akamgeukia kaka.

"Oya, mambo vipi! Ghuba imekukubali, umetakata kama mzungu."

"Poa," kaka akasema, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikamwona anacheka.

Wakapiga soga. Kaka akamsimulia yote, hata kishikio kilichovunjika. Mshikaji akatikisa kichwa, akasonya, akasema, "Aisee." Kisha akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Sasa mwanangu, sikiliza. Usinichukie. Mimi naondoka Alhamisi."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Huko huko. Mji mwingine. Msimamizi wa ghala."

Akatoa simu. Safu mbili, mhuri wa buluu, na ukurasa wa mwisho. Sikuhitaji kutafsiri. Kaka aliinuka na koti likaanguka.

"Ni yule yule? Wakala ni yule yule? Ndugu yangu, si nimekwambia sasa hivi kilichonipata?"

"Aliniambia wewe ulikuwa na haraka. Kwamba ungesubiri kidogo wangekubadilishia. Alisema ulikuwa mkaidi tu." Akamtazama baba, akitafuta mtetezi. "Na mzee mwenyewe alituambia. Mtu anaingia kama mgeni kwanza. Hata nyumbani kwetu wanasema, mzee alisema."

Sote tulimgeukia baba. Alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza.

"Nilisema," alisema. "Na nilikosea. Nilikuwa nazungumzia Kasense. Mwenyeji niliyekuwa namsema ni mimi mwenyewe. Yule wa kule simjui, wala huyo wakala simjui." Akanyoosha mkono. "Mpigie."

"Sasa hivi, mzee?"

"Hapa hapa. Muulize viza ya kazi iko wapi. Mwambie unataka kuiona kabla hujapanda ndege."

Mshikaji alisita, kisha akapiga, akaweka sauti kubwa. Sauti ya wakala ilikuwa nzuri, ya mjomba mpole. "Kijana wangu! Mizigo iko tayari?"

"Iko tayari, bosi. Naomba tu... naomba nione viza ya kazi kabla sijaondoka. Ile ya kazi yenyewe. Na mkataba ambao nitasaini huko, naomba niuone nikiwa hapa."

Tulisikia magari ya mji ambao hatuuoni.

"Uko na nani hapo?" wakala akauliza.

Kisha simu ikakatika.

"Mtandao huo," alisema mshikaji. Akapiga tena. Iliita mara moja, ikakatwa. Akapiga tena, na safari hii haikuita kabisa. Akafungua ujumbe wao, zile salamu zote za asubuhi na yale maneno ya kumtia moyo, na mbele ya macho yetu picha ya wakala, mtu mnadhifu mwenye tai nyekundu, ikatoweka. Pakabaki duara la kijivu.

"Nimemuuliza swali moja tu," alisema.

Alilikodolea macho lile duara mpaka kaka alipomvutia kigoda na kumwambia akae.